Kwa nini pupusa zangu zinapasuka?

*Niliishi Maryland miaka sita, na karibu kila Jumamosi nilikula pupusa, vile vikate bapa vya mahindi vyenye maharage na jibini ndani, za akina mama wa El Salvador. Sasa nimerudi Iringa. Nimejaribu mara nne kuzipika kwa sembe. Zinapasuka pembeni, maharage yanatoka, jibini inaungulia kwenye kikaango. Nimeongeza maji, nimechanganya ngano, nimetia hata yai. Nakosea wapi?*

Dada yangu, pole kwa unga uliopotea. Mikono yako haina kosa, wala kikaango chako. Unachokikanda ndicho kinachokuangusha. Sembe haitoi pupusa, hata ungeipasulia trei nzima ya mayai.

Fanya jaribio dogo leo jioni. Chukua konzi mbili za sembe, tia maji ya baridi, kanda dakika kumi. Finyanga donge ulibonyeze kati ya viganja. Litachanika pembeni, na ukiongeza maji litageuka uji bila kupitia hatua ya kunata. Sembe hushikana ikipata moto, ndiyo maana ugali unasongwa jikoni huku maji yanachemka. Pupusa inakwenda kinyume: unga unakandwa mbichi, unafinyangwa mbichi, unajazwa tumboni, kisha unapigwapigwa viganjani mpaka uwe bapa, na muda wote huo haujaona moto. Lazima uwe na gundi yake tayari. Wale akina mama wa Maryland walikuwa na mahindi meupe kama haya ya kwetu, ila ya kwao yalikuwa yamepitia kwenye chokaa.

Wenyewe huyaita nixtamal. Ni neno la Kinahuatl, na ndani yake mna nextli, yaani majivu, kwa sababu wengine walitumia majivu badala ya chokaa. Punje nzima, kavu, inachemshwa kwenye maji ya chokaa, inaachwa humo usiku kucha, inaoshwa, halafu ndipo inasagwa ikiwa bado mbichi na maji yake. Chokaa inalilainisha ganda mpaka linateleza lenyewe. Sehemu ya ganda hilo inayeyuka na kuwa utelezi, wanga wa ndani unaiva nusu, na kalisi ya chokaa inavishikanisha vyote. Hiyo ndiyo gundi. Sisi kwetu ganda tunalitoa mashineni kwa kukoboa, kwa hiyo tunapata unga mweupe mzuri ambao umeshapoteza kile ambacho kingeushikilia. Dona nayo haikusaidii: ganda limo, lakini ni gumu kama lilivyotoka shambani.

Ile harufu uliyoisikia ukifungua mlango wa mgahawa wao, ambayo nadhani ndiyo unayoikumbuka kuliko hata ladha, ni harufu ya mahindi na chokaa juu ya chuma cha moto. Mahindi peke yake hayanukii hivyo.

Nitoke nje ya njia kidogo. Mahindi yalipovuka bahari kutoka Amerika kwenda Ulaya na baadaye kufika pwani yetu na Wareno, mbegu ilisafiri, lakini chokaa ilibaki nyumbani. Walioanza kuyategemea mahindi bila kitu kingine mezani, kaskazini mwa Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, waliugua pelagra, ugonjwa unaochuna ngozi, unaoharisha na mwishowe kuvuruga akili. Niasini, vitamini ambayo mwili ukiikosa unaugua pelagra, imo ndani ya mahindi lakini imefungwa, na chokaa huifungua. Watu wa Amerika ya Kati walikuwa wanafanya hivyo kwa maelfu ya miaka bila kujua jina la niasini.

Sasa chokaa utaipata wapi. Usiende duka la vifaa vya ujenzi. Ile ya kupaka ukutani hujui imechanganywa na nini, na chokaa ambayo haijazimwa kwa maji inaunguza ngozi. Mtume mtu wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa akuletee chokaa ya tambuu kutoka kwa wanaouza tambuu na popoo. Ni kitu kile kile. Aombe nyeupe tupu, isiyotiwa rangi wala marashi. Ukiwa na ndugu Marekani, duka lolote la Walatino huuza pakiti ndogo iliyoandikwa cal. Usiweke magadi badala yake. Najua utashawishika, kwa kuwa yapo jikoni na yanalainisha maharage. Ganda yatalilainisha kweli, lakini hayana kalisi, unga haushiki vilevile na ladha inakuwa ya sabuni.

Kwa kilo moja ya mahindi meupe makavu, tumia lita tatu za maji na kama gramu 10 za chokaa, yaani kijiko kimoja cha chakula, iwe ya unga au ya kulowa. Na hapa sikiliza sana: usitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo imejaa majikoni mwetu. Chokaa inaila alumini. Tumia sufuria ya stili au chungu. Koroga chokaa kwenye maji, tia mahindi, chemsha kwa moto wa wastani. Utaona yanageuka manjano ya kukolea, usishtuke. Baada ya nusu saa anza kuopoa punje moja moja na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mara ganda litakapochubuka kama ngozi ya karanga iliyolowekwa, ing'ate hiyo punje katikati: nje iwe imelainika, ndani kibaki kidoa cheupe kikavu. Epua hapo hapo. Zikiiva mpaka kiini umepata makande, na makande hayafinyangwi.

Funika, acha mpaka asubuhi. Maji yatakuwa ya manjano na mazito kidogo. Yamwage, osha mahindi mara mbili au tatu ukiyasugua kwa viganja, maganda mengi yaondoke. Mengi, si yote. Mwanafunzi mwenye bidii huosha mpaka punje zinang'aa, halafu anashangaa unga wake hauna mnato.

Kusaga ndiko kutakusumbua. El Salvador asubuhi unaona watu wanabeba ndoo za nixtamal kwenda kwenye mashine ya mtaani, kama sisi tunavyobeba debe la mahindi, lakini ile mashine yao inasaga vitu vilivyolowa. Ya kwetu haiwezi. Ukimpelekea mwenye mashine mahindi mabichi yenye maji yataganda humo na mtagombana. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni ile mashine ya kuzungusha kwa mkono inayofungwa kwenye ukingo wa meza. Pitisha mara mbili, ya pili ukiwa umekaza. Ya pili ni jiwe la kusagia, kama nyumbani kwenu bado lipo na wewe una mgongo wa kulifanyia kazi. Ya tatu ni kuanika nixtamal juani siku mbili tatu mpaka punje zikauke kabisa na kugonga kama kokoto, kisha kuzipeleka mashineni zisagwe laini kuliko sembe. Unga huo haufikii ulaini wa ule wa kiwandani, lakini unashika, na unakaa koponi. Kwa Iringa, na jua la Septemba, mimi ningeenda na njia ya tatu. Blenda siipendi kwa kazi hii: haisagi bila maji mengi, na ukishatia maji mengi umerudi kwenye uji.

Ukiletewa unga wa dukani kutoka nje, kama vile Maseca, soma viambato nyuma ya pakiti: lazima pawe na mahindi na chokaa. Unga wa arepa, mkate wa mahindi wa Wavenezuela, unafanana nao kwa macho, ila huo ulipikwa ukakaushwa bila chokaa. Unashika vizuri, lakini utakula arepa.

Kukanda sasa. Vikombe viwili vya unga mkavu, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo tatu, ukiyatia kidogo kidogo. Kanda dakika tano, funika kwa kitambaa kilicholowa, acha robo saa. Usiruke hiyo robo saa, kwa kuwa unga uliokaushwa unakunywa maji polepole, na donge lililokuwa laini litakuwa limekaza ukirudi. Ongeza maji tena. Unga wa pupusa ni laini kuliko wa chapati, laini kama ndewe la sikio, na unakaribia kukunatia mkononi. Bonyeza kidonge kidogo kiwe bapa: ukingo ukipasuka, maji bado. Wengi wanaoandika kwamba zinapasuka wanaogopa maji tu. Kama una nixtamal mbichi iliyosagwa kwa mkono, mara nyingi haihitaji zaidi ya vijiko vichache.

Nilifundishwa haya na mama mmoja wa Chalatenango, El Salvador, kwenye jiko la mgahawa huko Virginia ambako nilianza kwa kuosha vyombo. Wiki ya kwanza aliponiruhusu kufinyanga, aliichukua pupusa yangu mbichi, akaipasua katikati, akaniwekea mezani bila neno. Upande mmoja ukuta wa unga ulikuwa mnene kama kidole, upande wa pili ulikuwa kama karatasi, na maharage yote yamesogea huko kwenye karatasi. Akaniambia nisikilize. Viganja vyake vilipokuwa vinapiga, mlio ulikuwa mmoja, pa pa pa, hauongezeki wala haupungui. Vyangu vilikuwa vinabadilika sauti kila pigo. Donge likiwa lina unene sawa, mlio unakuwa sawa. Mpaka leo nafinyanga kwa masikio.

Weka pembeni bakuli la maji yenye kijiko cha mafuta, uwe unachovya viganja. Toa donge la ukubwa wa limau kubwa, gramu 80 hivi. Libonyeze kwa kidole gumba huku ukilizungusha mpaka liwe kikombe kidogo, kitako chake kikiwa kinene kuliko ukingo. Tia kijiko kimoja na nusu cha vitu vya ndani. Kusanya ukingo juu kama unavyofunga mdomo wa gunia, nyofoa ncha inayozidi, lirudishe kuwa mviringo. Halafu piga: kiganja hiki, kiganja kile, ukizungusha robo kila pigo, mpaka ipate upana wa kiganja chenyewe na unene wa sentimita moja. Ikipasuka mahali, paka maji kidogo na uzibe kwa kidole. Usitumie kifimbo cha chapati. Kifimbo kinasukuma vya ndani vyote upande mmoja.

Na hivyo vya ndani vina sharti moja, lazima viwe rojo kavu inayopakika. Maharage mazima yatatoboa ukuta. Chemsha maharage madogo mekundu mpaka yalegee, kaanga kitunguu kwenye mafuta, tia maharage na mchuzi wake kidogo, ponda, endelea kukoroga. Yapo tayari ukipitisha mwiko katikati na njia ikabaki wazi, kitako cha sufuria kinaonekana, haijifungi. Yaache yapoe kabisa. Jibini yao inaitwa quesillo, nyeupe, inavutika kama ulimbo ikipata moto. Mozarela ngumu ya kukwangua ndiyo jirani yake wa karibu. Ile laini inayouzwa ndani ya maji itakutoa jasho, na pupusa pia. Ukipenda ikae vizuri, iponde jibini pamoja na maharage uwe mchanganyiko mmoja.

Inayoitwa revuelta, yaani iliyochanganywa, ina jibini, maharage na chicharrón. Hiyo chicharrón yao si ngozi kavu ya kutafuna. Ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na mafuta yake, ikasagwa na nyanya, kitunguu na pilipili hoho mpaka ikawa kama siagi ya karanga. Msiokula nguruwe hamkosi kitu, ya maharage na jibini inasimama yenyewe na wengi kwao ndiyo huagiza. Ila mkiwa safarini muulize maharage yalikaangwa kwa mafuta gani, maana mafuta ya nguruwe ni ya kawaida.

Loroco je? Ni matumba ya kijani ya maua ya mmea unaotambaa, na hapa hutayapata. Usinitajie mchicha. Ladha yake haifanani na kitu chochote ninachokijua huku, kwa hiyo siigizi. Kwao pia hutumia ayote, aina ya boga, na hiyo tunayo: kwangua mumunye changa au boga ambalo halijakomaa, nyunyiza chumvi, acha dakika kumi, kamua kwenye kitambaa kwa nguvu zako zote, changanya na jibini. Ni nzuri mno, na mimi binafsi naipenda kuliko ya chicharrón.

Kikaango kizito cha chuma, kile cha chapati, kipate moto wa wastani kabla hujaweka kitu. Pakaza mafuta kwa kitambaa, yasitiririke. Weka pupusa, iache dakika tatu au nne bila kuigusa. Ikiwa tayari kugeuzwa inajiachia yenyewe. Ikikung'ang'ania, inakuambia bado. Upande wa pili vivyo hivyo, mpaka madoa ya kahawia yatokee na katikati ivimbe kidogo. Kwenye jiko la mkaa sambaza makaa, yasirundikane katikati. Na jibini ikivuja kidogo ikakaukia pembeni na kuwa kahawia, usiitupe wala usione haya. Kwao watoto hugombania hicho kipande.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji chokaa wala mashine, na watu wengi hawaijui. Ukitoka uwanja wa ndege kwenda San Salvador unapita Olocuilta, mji ambao sifa yake ni pupusa za mchele. Unga wa mchele ukikandwa kwa maji ya moto sana unashikana, na pupusa yake inatoka nyeupe, ngozi kavu inayovunjika kidogo, ndani laini. Chemsha maji yenye chumvi, yamimine juu ya unga wa mchele huku unakoroga kwa mwiko, subiri upoe kiasi cha kuvumilika mkononi, kanda mpaka ulainike, halafu fuata hatua zile zile. Mtu wa Mbeya au Kyela mwenye mchele wake nyumbani ningemwambia aanzie hapa. Hata wewe, wakati unasubiri chokaa kutoka pwani, anza na hizi uzoeshe viganja.

Pupusa bila curtido haijakamilika. Ni kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti ya kukwangua, kitunguu, oregano kavu, siki na chumvi. Isikudanganye ukaita kachumbari. Kachumbari inaliwa muda ule ule, curtido inataka kulala. Mwagia kabichi maji yanayochemka, hesabu dakika moja, chuja, changanya na vingine, nusu kikombe cha siki na nusu kikombe cha maji kwa kabichi dogo, gandamiza kwenye chupa. Kesho yake ndipo inaliwa. Pamoja nayo kuna mchuzi mwepesi wa nyanya, vitunguu na hoho vilivyochemshwa vikasagwa na kuchujwa. Hauwashi. Vyakula vya El Salvador kwa kawaida haviwashi, na anayetaka pilipili anajitilia mezani. Unapakia curtido juu, unamwagia mchuzi, unakata vipande kwa vidole na kula. Ukiomba uma watakupa, lakini watakutazama.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kwa nini Maryland imejaa hivi vyakula. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1980 hadi 1992, viliwatoa watu wengi sana El Salvador, na eneo la Washington lilikuwa moja ya mahali walipokimbilia. Mji mmoja mdogo wa mashariki mwa nchi hiyo, Intipucá, una watu wengi kiasi hicho huko Washington kwamba kila mmoja ana shangazi aliyetangulia. Akina mama wengi walianza kwa kupika nyumbani na kuuza kwa majirani. Kwao El Salvador nako, Aprili 2005, Bunge lilitangaza pupusa kuwa chakula cha taifa, na Jumapili ya pili ya Novemba ikawa siku yake. Ukipanga vizuri, chokaa itakuwa imeshafika kabla ya hapo.

Pupusa zilizobaki zipoze, zifunge, ziweke kwenye friji siku mbili. Zipashe kwenye kikaango kikavu, si kwenye maikrowevu, ambayo inazifanya ngumu kama soli. Zikikupasukia tena baada ya yote haya, niandikie mambo mawili tu: chokaa uliipata wapi, na asubuhi maji ya mahindi yalikuwa rangi gani. Yakiwa meupe badala ya manjano, chokaa yako ilikuwa imechoka, na tutaanzia hapo.